Mstari Majini: Pale Mpaka Unapogombaniwa, Kampuni ya Gesi na Mafuta Inadaiwa Nini?

Mapema Agosti 2007, chombo cha kupimia miamba kwa mitetemo kilikuwa kazini kusini mwa Ziwa Albert, upande wa kisiwa kidogo cha Rukwanzi. Kazi hiyo ilikuwa ya Heritage Oil, kampuni iliyokuwa na leseni ya Uganda. Askari wa Kongo wakatokea, risasi zikalia, na mfanyakazi mmoja Mwingereza wa kampuni iliyopewa kazi ya upimaji akauawa. Kampala ikasema chombo kilikuwa ndani ya maji ya Uganda. Kinshasa ikasema kilikuwa kimevuka.

Naanzia hapo kwa sababu habari za gesi ya baharini na haki za binadamu hutufikia kama habari za mbali: Gaza, Sahara Magharibi, pwani ya Somalia. Waganda hatuna bahari. Lakini tuna maji yenye mafuta na gesi chini yake, tuna jirani ng'ambo, na kati yetu kuna mstari ambao hakuna aliyewahi kuupaka rangi. Mwaloni Ntoroko, ufukweni pa wavuvi upande wa Uganda, mambo haya huzungumzwa kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha inayomkutanisha muuza muziri (samaki wadogo wa kukausha) wa huku na mnunuzi aliyevuka kutoka Kasenyi au Tchomia, upande wa Kongo. Kwa hiyo nayaandika kwa lugha hiyohiyo.

Kuna maswali matatu yaliyosukwa kama mkeka mmoja, nami nataka kuyafumua: maji ni ya nani, ruhusa ya kuchimba imetoka kwa nani, na nani anaumia. Kampuni nyingi hupenda kusimama kwenye la pili. Ukiuliza kwa nini mvuvi amefukuzwa, unaambiwa kitalu, yaani eneo lililotengwa kwa utafutaji, kina leseni halali. Hilo silo lililoulizwa.

Ziwa Albert, ambalo Wanyoro huliita Mwitanzige, lina kilomita za mraba zipatazo 5,300, na mpaka wake hatukuuchora sisi. Waingereza na Wabelgiji waliukubaliana mwaka 1915. Kusini, mpaka unaufuata mto Semliki, nao Semliki ni mto unaohamahama: ukifurika hukata kona mpya na kuacha ya zamani ikauke, na shamba lililolala Uganda likaamkia Kongo. Mwaka 1990 Uganda na nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire zilitia saini mkataba wa kushirikiana katika mafuta yatakayokutwa chini ya nchi zote mbili. Baada ya kifo cha Agosti 2007, Rais Museveni na Rais Kabila walikutana Ngurdoto, karibu na Arusha, tarehe 8 Septemba, wakakubaliana mpaka ukaguliwe upya na mafuta ya pamoja yashughulikiwe kwa pamoja. Wiki mbili na ushei baadaye, risasi zikalia tena ziwani, na safari hii waliokufa walikuwa raia, abiria wa boti. Kila upande ukatoa maelezo yake.

Baharini kuna kanuni iliyoandikwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao hata Uganda isiyo na pwani imeuridhia, unaipa nchi ya pwani haki juu ya rasilimali hadi maili 200 za baharini. Nchi mbili zikikaribiana, kanda zao hupandiana. Hapo Ibara za 74 na 83 zinazitaka zijitahidi kupata mpango wa muda wakati zinangoja mpaka, na zisifanye jambo litakaloyaharibu makubaliano ya mwisho. "Kujitahidi" ni neno laini, ila waamuzi wamelikazia nati. Mwezi uleule wa Septemba 2007, jopo la usuluhishi lililoamua kesi ya Guyana na Suriname lilitenganisha kupima na kuchimba. Mitetemo hupita, tundu kwenye sakafu ya bahari hubaki. Kwa hiyo nchi moja haifai kuchimba kisima peke yake ndani ya eneo linalogombaniwa, lakini kupima kunavumilika. Jopo lilisema pia kwamba Suriname ilikosea ilipoutimua kwa vitisho vya kijeshi mtambo wa kampuni ya CGX, iliyokuwa na leseni ya Guyana, Juni 2000.

Nikiisoma hukumu hiyo huku Rukwanzi ikiwa kichwani, naona pengo. Kwa sheria ya bahari, upimaji ni kazi nyepesi. Ziwani kwetu upimaji ndio ulioleta maiti.

Kesi ya Ghana na Côte d'Ivoire ina funzo jingine, na si zuri. Aprili 2015, jopo maalumu la Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari liliiamuru Ghana isichimbe visima vipya katika eneo la ugomvi, ila kazi kwenye visima vilivyokwisha kuchimbwa iendelee, maana kuviacha kungeleta hasara kubwa na hatari kwa bahari yenyewe. Septemba 2017 hukumu ikatoka, ikikaribia sana mstari uliodaiwa na Ghana. Mradi uliokuwa hapo, uitwao TEN, ulikuwa chini ya Tullow, kampuni ileile tuliyokuwa nayo Bunyoro mpaka ilipoziuza hisa zake mwaka 2020 kwa Total ya Ufaransa, ambayo sasa inaitwa TotalEnergies. Mkurugenzi anayesoma uamuzi wa 2015 anaweza kuondoka na wazo moja tu: wahi kuchimba, anayechelewa ndiye anayezuiwa.

Karibu zaidi na wasomaji wa Kiswahili iko kesi ya Somalia na Kenya. Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, huko The Hague, iliipa Somalia sehemu kubwa ya pembetatu ya bahari iliyokuwa ikigombaniwa, na Kenya ikaikataa hukumu. Kenya ilikuwa tayari imevigawa vitalu ndani ya pembetatu hiyo, baadhi kwa Eni ya Italia. Wabajuni, ambao jamaa zao wako Kiunga na wako Kismayu, wanaosema Kiswahili chao pande zote mbili, hawakuwa na kiti katika kesi. Wala Eni haikuwa nacho. Mahakama ile husikiliza mataifa peke yake.

Kwa Uganda jambo hili lina uzito wa pekee. Mwaka 2005 mahakama hiyohiyo ilikuta kwamba Uganda ilivunja sheria za kimataifa nchini Kongo, ikiwamo Ituri, mkoa ulio ng'ambo ya Ziwa Albert, na kwamba haikuzuia uporaji wa rasilimali wakati jeshi lake liko huko. Tarehe 9 Februari 2022 ikaamuru fidia ya dola milioni 325, na kati ya hizo milioni 60 ni kwa ajili ya rasilimali zilizoporwa. Siku nane kabla yake, tarehe 1 Februari, TotalEnergies na CNOOC ya China walikuwa Kampala wakitangaza uamuzi wa mwisho wa kuwekeza katika mafuta ya Ziwa Albert. Sisemi mambo hayo mawili yamesababishana. Nasema yanaonyesha mahali ambapo mzigo huishia. Fidia ya Kongo inalipwa kutoka hazina, kwa kodi za mama anayeuza nyanya kwenye soko la Owino. Wafanyabiashara walionunua dhahabu na mbao zile hawakusimama mbele ya majaji hao, na wala wasingeweza kuitwa hapo.

Tuje kwenye leseni.

Leseni ni ahadi ya serikali moja kwa kampuni. Haiwezi kutoa zaidi ya kile ambacho serikali hiyo inacho. Mwaka 2002, Baraza la Usalama lilimuuliza mshauri wa sheria wa Umoja wa Mataifa, Hans Corell, kuhusu mikataba ambayo Morocco iliipa TotalFinaElf na Kerr-McGee kutafuta mafuta baharini mbele ya Sahara Magharibi, eneo inalolishikilia huku umiliki wake ukibishaniwa. Alijibu kwamba utafutaji peke yake si haramu, lakini wakiendelea hadi kuchimba na kuuza bila kujali maslahi na matakwa ya watu wa Sahara Magharibi, sheria itakuwa imevunjwa. Neno la kushika hapo ni matakwa. Haitoshi kusema umewajengea shule; uliwauliza?

Mzizi wa jibu hilo uko katika Ibara ya 1 ya mikataba miwili mikuu ya haki za binadamu ya mwaka 1966: watu wote wana haki juu ya utajiri wao wa asili, na kwa hali yoyote ile hawatanyimwa njia yao ya kujipatia riziki. Ndiyo hoja inayorudi sasa mbele ya Gaza. Gesi iligunduliwa huko mwaka 2000, yapata kilomita 30 na ushei kutoka pwani, na Wapalestina hawajawahi kuitumia. Oktoba 2023, wizara ya nishati ya Israeli ilitangaza kwamba kundi lenye Eni, Dana Petroleum na Ratio limeshinda leseni za eneo liitwalo Zone G. Mashirika ya haki za binadamu ya Kipalestina yalihesabu kwamba asilimia 62 ya eneo hilo imo ndani ya bahari ambayo Palestina iliitangaza kuwa yake mwaka 2019. Februari 2024 mawakili wao wakaziandikia kampuni zenyewe kuzionya zisiendelee. Barua hazikwenda kwa serikali. Zilikwenda kwa kampuni, moja kwa moja, na msingi wake ni kwamba kampuni ina wajibu wake yenyewe hata kabla mpaka haujaamuliwa.

Wajibu huo unatoka wapi? Juni 2011 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilizipitisha Kanuni Elekezi kuhusu Biashara na Haki za Binadamu, zilizoandaliwa na John Ruggie. Ziko 31 na zimesimama juu ya mafiga matatu: dola ilinde, kampuni iheshimu, aliyeumizwa apate nafuu. Kanuni ya 11 inasema wajibu wa kampuni upo wenyewe, iwe serikali inatimiza wa kwake au haitimizi. Na Kanuni ya 7 inazungumza na Rukwanzi kana kwamba iliandikwa mwaloni. Inatambua kwamba maovu makubwa zaidi hutokea mahali panapogombaniwa, iwe ni ardhi, rasilimali au serikali yenyewe, kwa sababu huko ndiko mifumo ya kulinda watu haifanyi kazi kama ilivyokusudiwa.

Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Watu wengi hudhani mgogoro wa mpaka unapunguza lawama za kampuni: "Sisi ni wageni, mambo ya mipaka waachieni wakubwa." Ni kinyume chake. Pasipojulikana nani mwenye maji, hapajulikani pia nani polisi, nani hakimu, nani wa kupokea malalamiko. Mvuvi amebaki bila baba wala mjomba. Kampuni iliyoamua kuingia hapo kwa hiari yake, ikiwa na ramani, mawakili na bima, imeingia ikijua. Tahadhari yake inatakiwa iwe kubwa kuliko ile ya kampuni inayochimba mahali pasipo na ugomvi.

Kanuni zenyewe hutofautisha ngazi tatu, na tofauti hiyo hupotea mara nyingi kwenye tafsiri. Nitumie mifano ya kudhania. Nanga ya meli ya kampuni ikiburuta nyavu za mtu na kuzichana, kampuni imesababisha. Inatakiwa iache na ilipe. Kampuni ikiomba jeshi lisafishe maji kuzunguka eneo lake la kazi, na askari wakawapiga mabaria kwa kutekeleza ombi hilo, kampuni imechangia. Haikushika rungu, lakini ilifungua njia. Ama kama aliyedhulumu ni mtu wa mbali ambaye kampuni imeunganishwa naye na biashara tu, imehusishwa, na inatakiwa itumie ushawishi wake, na ikishindwa ifikirie kuondoka. Mzozo wote wa kisheria huwa kwenye ngazi ya pili, kwa sababu hakuna kampuni inayoandika barua ya kuomba watu wapigwe. Huandika ikiomba "usalama".

Kusini mwa Sudan tumeona neno hilo linavyoweza kupimwa. Septemba 2023, mahakama ya Stockholm ilianza kusikiliza kesi ya wakuu wawili wa zamani wa kampuni ya mafuta ya Lundin, walioshtakiwa kusaidia uhalifu wa kivita katika kitalu cha 5A kati ya 1999 na 2003. Upande wa mashtaka unadai waliitaka serikali ya Khartoum ihakikishe usalama wa eneo wakijua usalama huo ungeletwa kwa njia gani. Wao wanakana. Kwa yeyote itakayempa ushindi, kesi imekwisha kuweka jambo moja wazi: ombi la ulinzi linaweza kusomwa mahakamani miaka 20 baadaye.

Rudini sasa Buhuka, wilayani Kikuube, uwanda mwembamba kati ya ziwa na ukingo wa bonde la ufa. Huko ndiko uliko mradi wa Kingfisher, unaoendeshwa na CNOOC ya China. Mpango ni visima 31, na mtambo hausimami majini. Unasimama nchi kavu, visima vinashuka, kisha vinapinda na kwenda chini ya sakafu ya ziwa. Ukiwa kwenye mtumbwi huoni kitu. Baadhi ya visima vya mwanzo vilivyokuta mafuta nchini vilipewa majina ya samaki wa wavuvi haohao, Mputa na Ngege, lakini samaki wenyewe wamezidi kuwa kwenye maji yenye doria ya jeshi. Mwaka 2017 ulinzi wa uvuvi nchini ulitiwa mikononi mwa wanajeshi, na sababu iliyotolewa ni uvuvi haramu. Mwaka 2024 shirika la Climate Rights International lilichapisha ripoti yenye ushuhuda wa wakazi wa eneo la Kingfisher waliodai kufurushwa, kupigwa na kuchomewa mitumbwi na askari.

Je, doria ni ya samaki, ya mpaka, au ya mafuta? Ziwani haiwezekani kuzitenga, na ndiyo maana kampuni haiwezi kusema haiwajui wale askari. Kuna kanuni za hiari kuhusu ulinzi na haki za binadamu, za mwaka 2000, zilizotungwa hasa kwa ajili ya kampuni za mafuta na madini. Zinataka kampuni iwachunguze wanaoilinda, iandike mapatano nao, na iripoti madhara yakitokea. Kwa maji yanayogombaniwa ningeongeza hili: mapatano hayo yawekwe hadharani, kwa lugha zinazosemwa mwaloni, na pande zote mbili. Mafuta yakimwagika hayataulizwa pasipoti. Mpango wa dharura usiomtaja mtu wa kupigiwa simu Tchomia usiku wa manane ni nusu ya mpango.

Nani wa kumlazimisha mtu afanye yote hayo? Kanuni Elekezi hazina hakimu. Uganda ilizindua mpango wake wa taifa kuhusu biashara na haki za binadamu mwaka 2021, lakini mpango si sheria. Mahakama zetu zipo, na zinaweza kwenda mbio zikitaka: Desemba 2023 Mahakama Kuu ya Hoima iliiruhusu serikali kuweka mahakamani fidia ya familia 42 zilizoikataa, ili ardhi yao iende kwenye mradi wa mafuta wa Tilenga, unaoendeshwa na TotalEnergies. Uamuzi ulitoka siku chache tu baada ya shauri kufunguliwa. Na tazameni nani alikuwa mdai. Ilikuwa serikali. Mfumo mzima umejengwa ili kampuni isimame nyuma ya dola.

Ndiyo sababu watu wa Buliisa na Hoima walijikuta Paris. Machi 2017 Ufaransa ilipitisha sheria inayozitaka kampuni zake kubwa, zenye wafanyakazi wasiopungua 5,000 Ufaransa au 10,000 dunia nzima, zitunge na kutangaza mpango wa kuwa macho dhidi ya madhara yao na ya kampuni zao tanzu, wakandarasi na wauzaji. Oktoba 2019 mashirika mawili ya Ufaransa na manne ya Uganda yaliishtaki Total. Miaka miwili ikaisha wakibishana kesi isikilizwe na mahakama ipi. Februari 2023 shauri likatupwa kwa sababu za utaratibu, bila jaji kusema kama madhara yalikuwapo au la. Juni mwaka huohuo Waganda 26 pamoja na mashirika wakafungua kesi nyingine, safari hii wakidai fidia. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya nao ulipitisha agizo linalofanana na sheria hiyo, ingawa tangu hapo kumekuwa na msukumo mkubwa wa kulipunguza makali.

Kwa maji yenye mgogoro, sheria ya Ufaransa ina kitu ambacho The Hague haina. Haikuulizi mpaka uko wapi. Inauliza kampuni ilijua nini, ilichukua hatua gani, na wewe ulipatwa na nini. Mvuvi wa Kasenyi na mvuvi wa Ntoroko wako sawa mbele yake. Ugumu uko kwingine: kwenye Kingfisher mwendeshaji ni CNOOC, huku TotalEnergies ikiwa mbia mwenye asilimia 56.67, na wakili angepaswa kwanza kuwashawishi majaji kwamba mbia mwenye hisa kubwa kuliko mwendeshaji hawezi kukaa pembeni. Binafsi naona hoja hiyo ina nguvu. Mwenye sehemu kubwa ya faida anao ushawishi mkubwa pia.

Niliyaeleza haya mwaloni Ntoroko kwa mama mmoja anayekausha muziri, ambaye shemeji zake wako Tchomia. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiendelea kuchagua samaki. Kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, siku nyavu zikichukuliwa, mimi nifanye nini siku hiyohiyo?"

Nikamwambia aandike tarehe na saa. Aandike mahali, kwa alama za ufukweni ambazo kila mvuvi anazijua, kwa kuwa hana mashine ya GPS ya kumpa nyuzi za ramani. Aandike nguo za waliokuja, rangi ya boti, namba kama ipo, na walisema nini na kwa lugha gani. Apige picha. Apeleke malalamiko kwa maandishi kwenye ofisi ya jamii ya kampuni, na asiondoke bila nakala yenye mhuri, maana siku kampuni itakaposema haikujua, mhuri ndio utakaosema. Mwenyekiti wa kijiji awe shahidi. Na shemeji wa Tchomia, akiwa alikuwa kwenye mtumbwi huohuo, naye aandike ya kwake.

"Kwa Kiswahili?" akauliza.

Kwa Kiswahili, mama. Mtafsiri atalipwa na watakaoshtakiwa wakishindwa.

Akamwita binti yake alete daftari la shule lenye kurasa zilizobaki.